Mshahara wa Ithungu na Nyumba Namba Tano

Ithungu Vasta alifagia barabara ya Bwera tangu mwaka aliofariki mumewe. Kabla ya hapo ilikuwa ikifagiwa na mumewe. Mtu wa ofisi alikuja msibani na toroli, sepetu na fagio mbili, akatoa pole, kisha akaeleza kwamba vitu hivyo ni mali ya Kamati na haviwezi kukaa bila mtu. Ithungu akavipokea. Jumatatu iliyofuata alikuwa barabarani.

Alikuwa na watoto watatu na chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya mashine ya kusaga muhogo. Mashine ikinguruma, vikombe vilitembea mezani. Watoto walizoea kuvishika kwa mkono mmoja huku wakila kwa mwingine. Unga uliingia dirishani hata likifungwa, ukakaa kwenye nguo na kwenye nywele. Ithungu alipolalamika, mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye mashine, alimkumbusha kwamba watu wengine hununua unga huo.

Kamati yenyewe iliitwa Kamati ya Makao na Barabara, na ofisi yake ilikuwa Kasese, si mbali na stesheni ya reli. Katibu wake alikuwa Yowasi, mtu mwembamba aliyevaa tai hata siku za joto, na aliyeamini kwamba jambo likiandikwa vizuri litakwenda vizuri. Mwaka wa 1968 Kamati iliamua kujenga Bwera nyumba kumi na mbili za kodi nafuu kwa ajili ya vibarua wake. Yowasi ndiye aliyeandika masharti. Alikuwa ameona mahali pengine nyumba za vibarua zikiliwa na makarani na shemeji za makarani, akaapa kwamba za Bwera hazitaliwa. Kwa hiyo aliweka kifungu cha nne: mpangaji awe mwajiriwa wa Kamati ambaye mshahara wake haufiki shilingi tisini kwa mwezi. Makarani wote walipata zaidi ya tisini. Walikisoma kifungu hicho mara kadhaa, wakitafuta mlango, hawakuuona. Yowasi alifurahi sana, na hakufurahi mara nyingi.

Vibarua walilipwa themanini na tano.

Nyumba zilifunguliwa Februari 1969. Zilikuwa za matofali na mabati, vyumba viwili viwili, na majiko yalikuwa nje, jiko moja kwa kila nyumba mbili. Mwenyekiti wa Kamati, mzee Zedekia, mnunuzi wa pamba, alikata utepe na kusema maneno mengi, na kukawa na nyama. Ithungu alipewa namba tano. Siku ya kwanza aliweka vikombe mezani akakaa kuviangalia. Havikwenda popote. Mtoto wake mdogo alilala mchana huo bila kuambiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jirani yake wa namba sita alikuwa Musoki, mchimba mitaro, waliyetumia naye jiko moja. Namba nne alikaa Onen na mkewe Aber. Onen alikuwa Mwacholi wa Kitgum, koplo wa zamani wa KEYA, jeshi la Waingereza, na baadaye wa jeshi la Uganda, mpaka goti lake lilipokataa. Kila mtu Bwera alimwita afande, hata polisi. Ithungu na Musoki walisemezana Kikonzo, lakini na Onen na Aber walisema Kiswahili, kila mtu na chake, wakaelewana.

Onen aliajiriwa kwa sababu ya malori. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, malori ya Kongo yalivuka mto Lhubiriha, ulio mpaka, yakiwa na kahawa na mafuta ya mawese, na malori ya upande huu yalishuka kutoka Kikorongo na chumvi, sabuni na samaki wa Katwe. Yote yalikutana kwenye njia panda ya soko. Barabara hapo ilitosha lori moja na nusu. Kamati ilikuwa imejadili msongamano huo kwa miaka miwili. Ilipendekezwa barabara ipanuliwe, ikaonekana ni ghali. Ilipendekezwa soko lihamishwe, wenye soko wakakataa. Mwishowe iliamuliwa atafutwe mtu wa kusimama pale, mwenye sauti.

Onen hakutumia filimbi. Alisimama katikati na goti lake bovu limenyooka, akanyoosha kidole kwa dereva mmoja na kusema, "Wewe. Nyuma." Dereva alirudi nyuma. Wengine walikuwa Wakongo ambao hawakumjua, na wao pia walirudi. Alipoulizwa siri yake alisema hakuna siri: mtu akiambiwa jambo moja tu, hulifanya, ukimwambia mawili, anaanza kufikiri.

Suala la mshahara lilianza kabla ya nyumba. Mwishoni mwa 1968 sukari na mafuta ya taa vilipanda, vibarua wakakubaliana kuomba nyongeza. Walimchagua Ithungu aandike barua kwa sababu alifika darasa la sita katika shule ya misheni na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliandika kwamba wanaomba kwa heshima shilingi mia moja kwa mwezi, akaeleza bei ya kila kitu sokoni, na mwisho akawaombea wajumbe afya njema. Kisha akaandika barua ya kukumbusha, na nyingine ya kukumbusha ile ya kukumbusha. Kamati ilichukua miezi saba. Julai 1969 jibu lilikuja: shilingi mia moja, kuanzia mwezi wa nane.

Walichinja mbuzi. Musoki alicheza mpaka kamba ya kiatu ikakatika, akamwinua Ithungu juu mbele ya watu na kusema huyu ndiye waziri wetu. Ithungu alimwomba amshushe. Lakini alifurahi, na kwa wiki nzima alifagia barabara akitembea katikati yake, si pembeni.

Septemba Yowasi alikuja mwenyewe kwa basi, na tai yake, na mkoba. Aliwakusanya wapangaji mbele ya nyumba, akaomba maji, akanywa, akafungua karatasi. Alisema Kamati inawapongeza kwa mshahara mpya. Alisema pia kwamba kwa mujibu wa kifungu cha nne, hakuna hata mmoja wao sasa anayestahili kuishi katika nyumba hizi. Walipewa mpaka saa sita mchana, Ijumaa ya mwisho ya Novemba.

Onen akauliza kama ni amri. Yowasi akasema ni sharti. Onen akauliza tofauti yake. Yowasi akafikiri kwa uaminifu, akasema hapa hakuna tofauti.

Alipokuwa anaondoka, Ithungu alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akamuuliza kwa Kikonzo kama kifungu hakiwezi kubadilishwa. Yowasi alisema kinaweza. Kubadili masharti kulihitaji theluthi mbili ya wajumbe wakae pamoja, na theluthi mbili hawakuwa wamekaa pamoja tangu siku ya ufunguzi, siku ya nyama.

"Nilikiandika kwa ajili yenu," alisema. "Kiwazuie makarani."

"Kimewazuia," Ithungu alimjibu. Hakusema kwa ukali. Ilikuwa kweli, kimewazuia.

Alikwenda kuulizia chumba cha zamani. Mwenye mashine alikuwa amesikia habari ya nyongeza siku ileile ya mbuzi, na kodi ilikuwa imepanda mara mbili. Wenye vyumba wengine wa Bwera nao walikuwa na masikio. Mtu aliyepata shilingi mia hakuwa na mahali pa kulala ambapo zamani aliyepata themanini na tano alilala.

Hapo ndipo Musoki alipoacha kusema naye. Hawakugombana. Asubuhi moja tu Musoki alichota moto wake jikoni bila kusalimu, na keshoye vilevile, kisha akajenga mafiga yake nyuma ya nyumba, peke yake. Wengine walifuata. Mama wa namba tisa alimwambia Ithungu waziwazi kwamba bila yeye wao wasingejua hata kuandika barua, na kwa hiyo wangekuwa bado na nyumba. Ithungu aliirudia hesabu ya yule mama, akaiona ni sawa. Ni Aber peke yake aliyeendelea kumletea majani ya mbaazi na kukaa mlangoni kwake akishona, akisema machache.

Oktoba Ithungu alichukua kalamu tena. Aliandika kwamba yeye Ithungu Vasta, mfagiaji, anaomba kwa heshima apunguziwe mshahara hadi shilingi themanini na tisa, na kwamba anafanya hivyo kwa hiari yake na akili timamu. Aliwaombea wajumbe afya njema.

Kamati iliijadili barua hiyo kwa saa nzima, na muhtasari wake ulisema mjadala ulikuwa wa hali ya juu. Uamuzi ulikuwa kwamba hakuna mwajiriwa anayeweza kulipwa chini ya mshahara uliopitishwa, kwa sababu huko kungekuwa ni kumnyonya. Kamati haikuwa tayari kumnyonya mama mjane. Mwisho wa jibu, Yowasi aliongeza mstari mmoja wa kusifu mwandiko wake.

Ithungu aliisoma barua hiyo akiwa amesimama kando ya toroli. Aliikunja, akafagia mpaka mwisho wa barabara, akarudi, akaanza kufagia tena mahali alipokwisha kufagia. Mpita njia mmoja alimuuliza kama kuna mgeni mkubwa anayekuja.

Ijumaa ya mwisho ya Novemba ilifika. Safari hii wajumbe wa Kamati walikuja wote. Nyumba kumi na mbili tupu, za matofali, zilikuwa jambo la kuamuliwa, na swali la nani atahamia liliwavutia hata wajumbe ambao watu walikuwa wamesahau sura zao. Walikodi basi Kasese asubuhi, wakaagiza chakula cha mchana Bwera. Yowasi aliwakumbusha kwamba Ijumaa ni siku ya soko. Waliona ni vizuri, kwa sababu siku ya soko nyama huwa mbichi.

Saa nne basi lilifika karibu na njia panda, likasimama. Mbele yake kulikuwa na lori la samaki, mbele ya lori la samaki kulikuwa na malori mawili ya chumvi, na mbele ya hayo lori la kahawa la Kongo lilikuwa limekatika ekseli na kulala mshazari, kichwa upande mmoja wa barabara na mkia upande mwingine. Nyuma ya basi yalikwishafika malori mengine matano. Madereva walipiga honi, wakatukanana kwa lugha nne, wakazima injini. Jua lilipanda. Samaki walianza kunuka.

Pale katikati, mahali pa Onen, hapakuwa na mtu.

Wajumbe walikaa ndani ya basi kwa saa moja. Mwenyekiti Zedekia, ambaye alikuwa mnene na mwenye sukari, alijipepea kwa muhtasari wa mkutano uliopita. Kisha akauliza yule mtu waliyemwajiri kusimama hapo yuko wapi. Yowasi akajibu kwamba yuko nyumbani anafunga mizigo, kwa kuwa Kamati imemwagiza ahame kabla ya saa sita. Mwenyekiti akasema aitwe.

Yowasi alishuka akaenda kwa miguu. Huko kwenye nyumba vitanda vilikuwa nje, na magodoro, na kuku wamefungwa miguu. Ithungu alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, watoto wamesimama nyuma yake kana kwamba wanasubiri kupigwa picha. Onen alikuwa anafunga sufuria kwa kamba, mafundo ya kijeshi, yote sawasawa.

Yowasi alieleza kwamba Kamati imekwama njia panda.

"Mimi nafunga mizigo," Onen alisema. "Barua ilisema saa sita."

"Lakini ni kazi yako, bwana."

Onen alitazama kamba iliyokuwa mkononi. Aber alisema kitu kirefu kwa Kiacholi, bila kupaza sauti, na ingawa wengine hawakujua Kiacholi, wote walielewa kwamba alikuwa anamuuliza mumewe kama ni mjinga. Onen alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini, akavaa buti zake, akakaza kamba.

"Kazi ni kazi," alisema. "Kuhama ni kuhama. Iko mambo mbili."

Ithungu aliinuka akawafuata. Hakujua kwa nini. Baadaye alisema alitaka tu kuziona sura za watu aliokuwa akiwaombea afya njema kwa mwaka mzima.

Njiani Onen alikwenda polepole kwa sababu ya goti, na alinung'unika, jambo lisilo la kawaida yake. Alisema katika KEYA jambo la namna hii lisingetokea. Mzungu alikuwa mbaya kwa mengi, lakini mshahara ulikuwa mshahara na posho ilikuwa posho. Mshahara mdogo, kama wa mtoto. Posho mbali. Na hakuna ofisa aliyewahi kumtoa askari katika laini, nyumba za kambini, kwa sababu posho imeongezwa.

Ithungu alisimama.

"Afande, hiyo posho ilikuwa inaandikwa kwa karatasi ya mushahara?"

"Hapana. Iko na karatasi yake ingine."

"Na mutu akiulizwa mushahara yako ngapi, anasema ngapi?"

"Anasema ile ya mushahara."

Ithungu alimgeukia Yowasi. Yowasi naye alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesikia mlango ukifunguka katika nyumba aliyoijenga mwenyewe bila mlango. Alifungua mkoba wake palepale barabarani, akatoa masharti, akasoma kifungu cha nne kwa midomo bila sauti. Kilisema mshahara. Hakikusema posho.

Walipofika njia panda Onen hakuwatazama wajumbe. Aliingia katikati, akalizunguka lori la kahawa mara moja, akanyoosha goti. Kisha akaanza na lori la mwisho kabisa nyuma, lile ambalo hakuna aliyelifikiria. "Wewe. Nyuma." Likarudi. "Wewe. Nyuma." Aliagiza vijana wa soko wapakue magunia ya kahawa ili lori liwe jepesi kusukumwa kando. Alipoulizwa itachukua muda gani alisema saa moja.

Yowasi alipanda basini akasema kwamba kwa kuwa wajumbe wote wapo, na kwa kuwa hakuna pa kwenda kwa saa moja, anapendekeza kikao. Wajumbe walitazama nje, wakaona magunia, wakakubali. Hicho kikawa kikao cha pili katika historia ya Kamati kupata theluthi mbili. Yowasi aliandika mahali pa mkutano: ndani ya basi, njia panda ya soko, Bwera.

Alieleza pendekezo. Kifungu cha nne chenyewe hakukigusa, makarani wasije wakapata mlango. Wajumbe wengine hawakulielewa, na wengine walilielewa upesi wasilipende. Mjumbe mmoja wa Muhokya, Eriya, alisema hii ni hila. Mwenyekiti Zedekia aliuliza ni nani aliyefikiria jambo hili. Yowasi akanyoosha kidole nje. Ithungu alikuwa amesimama barabarani chini ya dirisha, mikono nyuma, na leso yake ilikuwa bado na vumbi la kuhama.

Mwenyekiti alitoa kichwa dirishani.

"Mama, wewe ndiye wa barua?"

"Ndiyo, baba."

"Uliomba nyongeza tukakupa. Ukaomba tupunguze. Sasa unataka nini?"

Ithungu aliona nyuso zote zimejaa kwenye madirisha, zina jasho, nyingine zinatafuna karanga. Moyo ulikuwa unampiga kama ile mashine ya muhogo. Alisema kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwa kuwa wajumbe hawakuwa wa kabila moja.

"Sitaki kuongeza, sitaki kupunguza. Mushahara ibaki themanini na tano. Ile kumi na tano mulitupa, muiite posho."

"Na tofauti yake ni nini?"

"Tofauti ni nyumba, baba."

Mwenyekiti alirudisha kichwa ndani. Kulikuwa na mabishano. Mjumbe mmoja alisema posho ni unga wa mgawo, haiwezi kuwa fedha. Mwingine alisema jeshini ilikuwa fedha, yeye mwenyewe aliipokea. Eriya wa Muhokya alisema sawa, kama ni posho basi iwe posho kweli: asiyefanya kazi siku hiyo asile. Akiugua, akisafiri, akizika, posho ya siku hiyo isilipwe. Wengi waliona hiyo ni haki. Mwenyekiti alitoa kichwa tena akamuuliza mama kama amesikia. Ithungu alikuwa amesikia. Alielewa vizuri alichokuwa anauza. Alifikiria watoto na mvua za masika, akasema amesikia, na anashukuru.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Mikono ya mwisho ilikuwa bado juu basi lilipotikisika na kuanza kwenda, na mjumbe mmoja akashika kiti, kwa hiyo kura yake haikuhesabiwa. Pendekezo lilipita hata hivyo. Onen alikuwa amesimama kando ya barabara, mkono umenyooka. Basi lilipompita hakulitazama. Alikuwa anatazama lori la samaki.

Wajumbe walikula chakula chao, kisha wakaenda kuzitazama nyumba kwa kuwa walikuwa wamesafiri kwa ajili hiyo. Waliona vyumba ni vidogo. Wakaondoka saa tisa.

Ithungu alirudi akakuta habari imemtangulia. Watu walikuwa wanaingiza vitanda. Alishika upande mmoja wa kitanda chake, na alipoinua, upande wa pili ukainuka pia. Alikuwa Musoki. Walikiingiza ndani, wakakiweka, wakagundua wamekiweka vibaya, wakakigeuza. Musoki aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna moto jikoni. Ithungu akasema haujawashwa bado, lakini utawashwa.

Aber ndiye aliyepata kazi ngumu kuliko wote siku hiyo. Mafundo ya Onen hayakufunguka, ikabidi yakatwe kwa panga.

Machi 1970 Ithungu aliugua homa ya matumbo, akalala hospitali wiki saba. Alilipwa mshahara wake themanini na tano na hakulipwa posho. Aber na Musoki waliwalisha watoto kwa zamu. Onen, siku zisizo za soko, alichukua ufagio akafagia barabara ili toroli lisichukuliwe. Alifagia kwa mistari iliyonyooka, kama paredi, na wachuuzi waliogopa kutupa maganda. Ithungu alipotoka, miguu ikiwa kama ya korongo, alijaribu kumshukuru. Onen alimwambia sehemu ya karibu na daraja ina mchanga mwingi, atumie sepetu kwanza.

Agosti mwaka huohuo mkataba wa Onen uliisha, goti likawa baya zaidi, na yeye na Aber wakaamua kurudi Kitgum kulima. Nyumba zote kumi na moja zilitoka kuwaaga. Aber alilia. Onen alikagua jinsi mizigo ilivyofungwa juu ya lori, akashuka, akampa Ithungu mkono, akasema, "Kazi nzuri," kama anavyosema mkubwa kwa mdogo. Ithungu aliyaweka maneno hayo moyoni kwa sababu hakuna mtu wa Kamati aliyewahi kumwambia hivyo.

Kamati ilitafuta mtu mwingine wa njia panda. Wa kwanza alikaa wiki tatu, wa pili mbili. Baada ya hapo iliamuliwa kuweka bango linalowaomba madereva wavumiliane.

Desemba barua ilikuja kutoka Kitgum, mwandiko wa mtu mwingine, maneno ya Onen. Mtama umekubali. Aber ana mbuzi wanne. Wanawasalimu wote kwa namba za nyumba zao, moja mpaka kumi na mbili. Ithungu aliwasomea majirani jikoni, kila mmoja akangoja namba yake. Alijibu wiki hiyohiyo.

Januari 1971 jeshi likaipindua serikali, na ikanong'onwa kwamba Waacholi waliowahi kuwa askari wanatoweka. Askari wapya walipita Bwera ndani ya malori, na watu wakajifunza kutouliza. Kutoka Kitgum halikuja jibu. Ithungu aliandika tena mwezi wa nne, akaandika na wa saba, akapeleka mwenyewe posta Kasese, mwandiko ule ule mzuri, akiwaombea afya njema. Barua hizo hazikurudi. Karani wa posta alimwambia hiyo ni dalili njema, kwa sababu barua isiyompata mwenyewe hurudishwa. Ithungu alimuuliza kama ni sharti. Karani alisema ndiyo, limeandikwa.